Nyoka Huyu ni wa Nani? Historia Fupi ya Sheria za Kumiliki Reptilia na Amfibia Tanzania

Anayeishi Bunda hahitaji kwenda bustani ya wanyama ili aone reptilia. Juu ya miamba yetu huota jua mjusi mwenye kichwa na kifua cha rangi ya waridi na kiwiliwili cha samawati, ambaye wataalamu humwita Agama mwanzae, kwa jina la jirani zetu wa Mwanza. Mto Grumeti unaomwaga maji yake Ghuba ya Speke umejaa mamba. Chatu hupita mashambani, na kobe huokotwa na watoto wachungao mbuzi. Wanyama hawa ni sehemu ya maisha ya kila siku kiasi kwamba wengi wetu hatujawahi kujiuliza ni mali ya nani.

Sheria imekwisha kujibu swali hilo. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inatamka kwamba wanyamapori wote ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wao kwa niaba ya Watanzania. Tena, neno "nyara" katika sheria hiyo halikomei kwenye pembe na meno ya tembo. Linamjumuisha mnyama yeyote, awe hai au mfu, pamoja na ngozi, nyama na hata yai lake. Kwa hiyo kobe aliyefungwa kamba uani, bila kibali cha mamlaka ya wanyamapori, ni nyara sawasawa na kipande cha nyama ya nyumbu. Katika makala hii ninakusudia kuonyesha tulifikaje hapa, na kwa nini historia hiyo inamhusu mwanafunzi, mwanaharakati na mtumishi wa umma.

Tuanze na wakoloni. Amri ya uwindaji ya mwaka 1896, iliyotolewa na Gavana Hermann von Wissmann wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, iliwalenga wanyama wakubwa wenye thamani kwa mwindaji wa Kizungu. Miaka minne baadaye, Mei 1900, mataifa yaliyokuwa yakiitawala Afrika yalitia saini London mkataba wa kuhifadhi wanyama, ndege na samaki wa bara hili. Mkataba huo haukupata kutekelezwa kikamilifu, lakini fikra zake ziliongoza sheria nyingi zilizofuata. Ndani yake mamba, chatu na nyoka wenye sumu waliwekwa katika kundi la viumbe waharibifu wanaopaswa kupunguzwa, na hata mayai yao yaliagizwa yaharibiwe. Yaani waraka huohuo uliomkinga twiga ulimhukumu chatu kifo. Katika macho ya dola ya wakati ule, reptilia alikuwa adui asiyestahili kuhifadhiwa.

Wakati huohuo, Waafrika wa kanda yetu walikuwa na utaratibu wao wa kuishi na nyoka. Miongoni mwa Wasukuma, ambao wengi wao ni majirani na wakazi wa Bunda, kilikuwepo chama cha Buyeye, chama cha mafundi wa nyoka. Mwaka 1946 Hans Cory alichapisha uchunguzi wake juu ya chama hicho. Wanachama walifundishwa kukamata nyoka, kuwatunza, kucheza nao ngomani na kutibu walioumwa. Kulikuwa na kuingizwa chamani, viapo, siri na miiko. Kwa lugha ya leo, ule ulikuwa ni mfumo wa leseni: si kila mtu aliruhusiwa kushika nyoka, na aliyeruhusiwa alikuwa na wajibu kwa jamii yake. Mpaka leo ngoma ya chatu huchezwa Usukumani, na watalii hulipa kuitazama.

Linganisha na habari za C. J. P. Ionides, Mwingereza aliyekuwa ofisa wa idara ya wanyamapori kusini mwa Tanganyika na kufariki mwaka 1968. Alikamata maelfu ya nyoka kwa mikono yake, wakapelekwa kwenye bustani za wanyama na maabara za ng'ambo. Vitabu viliandikwa juu yake, naye akapewa sifa ya kuwa mwanasayansi na shujaa. Simbezi ujuzi wake. Alikuwa hodari kweli. Ninachouliza ni kwa nini ujuzi uleule, ukiwa mikononi mwa fundi wa Kisukuma, uliandikwa kama siri na uganga, na ukiwa mikononi mwake uliitwa elimu.

Sheria ya wanyamapori ya mwaka 1951 ilibaki nasi hadi baada ya uhuru, ikafutwa na Sheria Na. 12 ya mwaka 1974. Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, hunukuliwa mara nyingi akisema kwamba yeye binafsi hakuwa na hamu ya kutumia likizo yake kutazama mamba, ila alitambua kwamba wageni wangelipa fedha nyingi kufanya hivyo. Kauli hiyo, ingawa ina mzaha ndani yake, inaeleza mwelekeo wa sera: mnyama ni rasilimali ya taifa, na taifa ndilo linaloamua nani amguse. Mwaka 1979 Tanzania iliridhia mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, ujulikanao kwa kifupi kama CITES. Kuanzia hapo reptilia waliingia kwenye majedwali na migawo. Mamba wetu, kwa mfano, wako katika jedwali la pili, kwa mgawo usiozidi mamba 1,600 wa porini kwa mwaka, mbali na wale wa mashambani.

Hapa ndipo ilipoingia biashara ya kufuga kama burudani. Ulaya na Marekani walijitokeza watu wengi wanaofuga vinyonga, kobe na mijusi ndani ya masanduku ya kioo yenye taa za joto, na Tanzania ikawa miongoni mwa masoko yao makuu. Mjusi wetu wa miambani aliuzwa huko kwa jina la Spider-Man, kwa sababu ya rangi zake. Mfano mchungu zaidi ni wa msitu wa Kimboza, Morogoro, anakoishi mjusi mdogo wa samawati, Lygodactylus williamsi. Watafiti walikadiria kwamba kati ya Desemba 2004 na Julai 2009 kundi moja tu la wakamataji lilichukua zaidi ya mijusi 30,000, mara nyingi kwa kukata miti ya mikadi ambayo ndiyo makazi yao. Mjusi huyo aliingizwa katika jedwali la kwanza la CITES mwaka 2016, na kobe bapa wa miambani akafuata mwaka 2019.

Kwa upande wa amfibia, chura wa Kihansi anatupa funzo la aina nyingine. Aligunduliwa mwaka 1996 katika maporomoko yenye manyunyu, na mara bwawa la umeme lilipoanza kazi makazi yake yakakauka. Mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani kufugwa. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Mwaka 2010 baadhi ya vizazi vyao walirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kurejeshwa Kihansi. Kufuga, basi, si uovu kwa asili yake. Kunaweza kuangamiza kiumbe na kunaweza kumwokoa; hutegemea nani anafuga, kwa lengo gani, na chini ya uangalizi wa nani.

Serikali ilijibu biashara ile kwa kufunga mlango. Mwaka 2016, baada ya tumbili 61 kukamatwa Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro wakisafirishwa kwenda Albania, usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi ulipigwa marufuku. Juni 2022 mamlaka ilitangaza kuwaruhusu wafanyabiashara kwa miezi sita wamalize wanyama waliobaki nao. Kelele za wananchi zikawa kubwa, na tangazo likasitishwa mara moja.

Mwaka huohuo wa 2016 sheria ya uhujumu uchumi ilirekebishwa. Anayetiwa hatiani kwa kosa la nyara chini ya sheria hiyo anakabiliwa na kifungo cha miaka 20 hadi 30, na mzigo wa kuthibitisha kwamba anamiliki kihalali unamwangukia yeye. Mahakama za mkoa wetu zinazijua kesi hizi vizuri, kwa kuwa tunapakana na Serengeti na mapori ya akiba ya Grumeti na Ikorongo. Hata anayemuua mamba au chatu kwa kujiokoa, jambo ambalo sheria inaliruhusu, hana haki ya kubaki na ngozi yake.

Sitetei ujangili. Bila sheria kali, Kimboza ingebaki na miti mitupu. Ninachodai ni uwiano. Sheria iliyotungwa kwa ajili ya mtandao wa wasafirishaji haipaswi kuwa na uzito uleule kwa kijana wa Kunzugu aliyeokota kobe, au kwa mcheza ngoma aliyerithi chatu kwa babu yake. Vibali vya kufuga vipo, lakini masharti yake yanamfaa mwenye mtaji, uzio na wakili; fundi wa nyoka wa kijijini hajawahi kufikiriwa.

Mambo matatu yanawezekana bila kusubiri miujiza. Kwanza, tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria zetu. Basi majedwali ya wanyama yabandikwe katika ofisi za vijiji, kwa majina ambayo mchungaji anayajua. Pili, halmashauri ziwaandikishe wacheza ngoma na waganga wa sumu ya nyoka, wapewe vibali vya gharama nafuu na wakaguliwe. Tatu, uwekwe muda wa kusalimisha mnyama kwa hiari, ili mwenye kobe uani aweze kumpeleka kwa afisa wanyamapori wa wilaya bila kuhofia pingu.

Kama mnyama ni mali ya umma, umma una haki ya kujua masharti ya mali yake kabla ya kusomewa mashtaka. Watumishi wa halmashauri mnaosoma hapa, kazi hiyo inaweza kuanzia mezani kwenu.