Haki ya Damu na Msimamizi Aliye Mbali

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baada ya hayo: mtu akifa kwa kosa la mwingine, ni nani mwenye kudai haki yake, na je, umbali wa mdai huiondoa haki hiyo?

Sheria ya Kiingereza ilishika kwamba kifo cha mtu hakizai dai la fidia. Mwaka 1808, katika kesi ya Baker na Bolton, mume ambaye mkewe alifariki baada ya gari la farasi kupinduka alinyimwa fidia ya kumkosa tangu siku ya kufa kwake. Ikawa mwenye kujeruhi hulipa, na mwenye kusababisha mauti husalimika. Bunge la Uingereza liliiondoa dhulma hiyo mwaka 1846. New York ikafuata mwaka 1847, na New Jersey mwaka 1848.

Huko Marekani likazuka jingine. Msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa katika jimbo moja, kwa asili, hana mamlaka katika jimbo la pili. Katika kesi ya Dennick, iliyosikilizwa na Mahakama Kuu katika kikao cha 1880, marehemu alikufa kwa ajali ya reli New Jersey, na msimamizi wake, mwanamke aliyeteuliwa New York, akadai huko New York. Mahakama ikaamua kwamba haki iliyothibiti New Jersey yaweza kudaiwa kwingine, na msimamizi huyo anatosha.

Sasa tuitazame sharia yetu. Suratun Nisaa, aya ya 92, imeamrisha diya ikabidhiwe ahli wa aliyeuawa kwa makosa. Sayyidna Umar (R.A.) alikuwa akiona kwamba mke harithi katika diya ya mumewe, mpaka Dhahhak bin Sufyan alipomjulisha kuwa Mtume (S.A.W.) alimwandikia amrithishe mke wa Ashyam Adh-Dhibabi katika diya ya mumewe. Umar akarejea. Hadithi hii wameipokea Abu Daud na Tirmidhi. Tuzingatie: amri ilikwenda kwa barua, na mjane akapata haki yake huko huko alikokuwa.

Aidha, katika madhehebu ya Imamu Shafi, kisasi hakitekelezwi mpaka arudi walii aliye ghaibu na abaleghe aliye mtoto, kwani huenda mmoja wao akasamehe. Basi kuwa mbali hakumtoi mtu katika haki.

Leo ndugu zetu hufia ugenini, na warithi wako Tanga, Mombasa au Unguja. Tunawausia maimamu wawahimize wafiwa wasichelewe, kwani madai yana muda wake, na waulize mapema kama mahakama ya huko yamtaka msimamizi wa hapo. Na aliyeteuliwa ajue kwamba yeye ni mwenye kushika amana, si mmiliki. Mjane na yatima walio ng'ambo ya bahari ni wadai wake mbele ya Allah.

Wallahu a'alam.