Unataka Kuunda Datsun 240Z ya Nguvu Hapa Voi? Cheki Huu Mpangilio Kabla Umwage Doo

Tuseme umepata Datsun 240Z imelala kwa boma ya mzee fulani, imefunikwa turubai, na kuku wanataga kwa siti ya dereva. Moyo unaruka. Tayari unaota kabureta tatu na mngurumo wa kuamsha Voi mzima.

Tulia kwanza, msee. Ukianza na injini, hiyo dinga utaipenda siku mbili tu. Huku Taita Taveta, joto, mawe na mlima ndivyo vinaamua doo iende wapi kwanza. Nguvu inakuja mwisho.

Mbona 240Z ina heshima Kenya?

Mwaka wa 1971, Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda East African Safari Rally wakiwa na 240Z. Mwaka wa 1973, Shekhar Mehta na Lofty Drews wakarudia. Hiyo ya 73 ilikuwa moto: Mehta alimaliza sare na Harry Källström, aliyekuwa kwa Datsun ingine, na ikabidi sheria ya kuvunja sare iamue. Safari ya enzi hizo ilikula magari ya wakubwa. Aliyeshinda ni yule gari yake ilifika.

Hiyo ndiyo akili ya kuunda yako. Kiwandani ilitoka na injini ya L24: silinda sita, cc 2,393, nguvu za farasi kama 150, na uzito wa kama tani moja tu. Mbio tayari iko. Kazi yako ni kuifanya ivumilie.

1. Karatasi na kutu

Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari ya kawaida iliyopita miaka 8, so tafuta iliyoko nchini tayari. Kabla ulipe, linganisha namba ya chesisi na ya injini na zile ziko kwa logibuku. Zikikataana, potea hapo.

Kisha lala chini na tochi. Angalia sakafu, vyuma virefu vya chini, mahali betri inakaa, na kona za bodi karibu na magurudumu ya nyuma. Gari iliyoishi Mombasa imekula chumvi miaka mingi. Rangi mpya inaweza kuficha shimo, kwa hivyo gongagonga na usikilize. Fundi wa kuchomelea amalize kazi yake yote kabla ununue spea hata moja ya mbio.

2. Joto

Mchana wa Voi si wa kuchezewa. Osha au badilisha rejeta, weka pampu mpya ya maji, mipira mipya, na feni inayovuta vizuri.

Halafu kuna siri ya hii injini: kabureta na manifoldi ya eksosi ziko upande mmoja, na kabureta zimekaa juu. Ukisimama kwa jua baada ya kukimbizana, petroli inachemka ndani ya paipu na gari inakataa kuwaka. Dawa ni bamba la kukinga joto kati ya hizo mbili, na paipu ya petroli ipitishwe mbali na eksosi.

Vumbi letu jekundu nalo ni laini kama unga. Kabureta wazi bila filta zinapendeza kwa picha, lakini zinasaga silinda polepole. Weka filta ya maana na uioshe mara kwa mara.

3. Shoki, tairi na tumbo la gari

Kushusha gari ndio ikae fiti ni ya wasee wa lami. Wewe inua kidogo. Weka springi ngumu kiasi, shoki za kuhimili murram, bushi mpya kote, na bamba la chuma chini ya injini. Jiwe moja likipasua sampu, oili inaisha na injini inafuata.

4. Breki

Mbele ni diski, nyuma ni dramu. Kuteremka kutoka Wundanyi hadi Mwatate ni kona juu ya kona. Ukikanyaga breki njia yote, oili ya breki inachemka na pedali inazama. Weka oili mpya inayostahimili joto, pedi nzuri, na ujifunze kushuka na gia.

5. Sasa ndio injini

Kama L24 iko sawa, ifungue na uirudishe upya kwanza. Ukitaka zaidi, L28 ya cc 2,753 ni ya familia moja na inakaa pale pale bila kukatakata bodi. Ukibadilisha, peleka mabadiliko NTSA namba mpya iingie kwa logibuku. Ukipuuza, siku ya ajali au ya kuuza utalia.

Usisahau mwinuko. Voi iko kama mita 600 juu ya bahari, Wundanyi imepita 1,300. Injini isiyo na tabo hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Kabureta iliyosetiwa Voi ikifika juu itamwaga petroli kupita kiasi: moshi mweusi, plagi nyeusi. Iseti katikati.

6. Mtihani

Toka Voi asubuhi, pitia Mwatate, panda Wundanyi, shuka. Cheki joto, harufu ya petroli, breki. Zima dakika kumi, washa tena. Ikiwaka bila kelele, umeshinda. Usijaribu usiku, ndovu wa Tsavo huvuka barabara na hawana taa za nyuma. Na ukitaka kukimbizana kikweli, tafuta mashindano yaliyo chini ya Kenya Motor Sports Federation. Hapo utahitaji leseni, helmeti, na fremu ya chuma ndani ya gari.

Doo ikiisha ukiwa hatua ya nne, usijali. Utakuwa na 240Z yenye injini ya kawaida, lakini inayopanda Wundanyi na kurudi. Ile ya jirani yako aliyeanza na kabureta tatu bado iko kwa fundi, na kuku washaanza kutaga tena.