Njia Nyingi za Kutafuta Ukweli: Historia ya Utafiti katika Nyanda za Kati

Watu wengi wasikiapo neno utafiti huwaza chumba chenye chupa za vioo, mizani na mtu aliyevaa koti jeupe. Picha hiyo si ya uongo, lakini haikutimia. Mwenye kupima kina cha maji kisimani mwezi hata mwezi anatafiti. Mwenye kuketi na wazee akiandika majina ya njaa zilizopita anatafiti. Na mwenye kunakili michoro ya mapangoni, au kusikiliza jinsi lugha inavyotamkwa, naye vile vile anatafiti. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi njia hizi mbalimbali zilivyopita katika nyanda za kati za nchi yetu, mahali pengine zikakutana na mahali pengine zikapishana, na faida au hasara iliyowapata wananchi kwa sababu hiyo.

Tunaandika tukiwa Miyuji, upande wa kaskazini wa mji wa Dodoma, kando ya njia iendayo Kondoa na Arusha. Nchi hii ni kame. Mvua zake kwa wastani ni kati ya milimita 500 na 600 kwa mwaka, nazo hunyesha katika msimu mmoja tu, tangu Desemba hivi hadi Aprili. Miezi iliyobaki ni ya jua na upepo. Kwa hiyo maswali makubwa ya mahali hapa ni yale yale tangu zamani: mvua itakuja lini, maji yamejificha wapi, udongo utavumilia nini, ng'ombe watakula nini, na watu wataishije pamoja wakati wa uhaba. Maswali ni machache, lakini njia za kuyajibu ni nyingi.

Watafiti wa kwanza wa nchi hii walikuwa wenyeji wenyewe. Wagogo hawakuwa na madaftari ya mvua, lakini walikuwa na desturi ya kuipa jina kila njaa kubwa, na jina hilo likawa alama katika kumbukumbu ya watu. Mashuhuri miongoni mwa njaa hizo ni Mtunya, iliyowapata watu kati ya mwaka 1917 na 1920. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imepita katika nchi. Majeshi ya Wajerumani, na baadaye ya Waingereza, yalichukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo. Kisha mvua zikakosekana. Maelfu ya watu walikufa na wengine wengi wakahama. Mwanahistoria Gregory Maddox, aliyechapisha makala juu ya Mtunya mwaka 1990, alionyesha kwamba ukame peke yake hauelezi maafa hayo. Vita na utawala vilikuwa vimewanyang'anya watu akiba na nguvu za kuukabili ukame. Kipimo cha mvua, hata kiwe sahihi namna gani, kisingeweza kutufundisha jambo hilo. Na historia peke yake, bila kipimo cha mvua, isingejua ukame ulikuwa mkali kiasi gani.

Utafiti wa namna ya vyuo uliingia pamoja na ukoloni. Mwaka 1916 daktari wa Kijerumani, Otto Dempwolff, alichapisha kitabu juu ya Wasandawe, ambao wengi wao wanaishi katika wilaya ya sasa ya Chemba, na ambao lugha yao ina sauti za vidoko zisizosikika katika lugha za Kibantu za jirani zao. Mwaka 1925 serikali ya Waingereza ilianzisha Idara ya Jiolojia na kuweka makao yake Dodoma. Wataalamu wake walipima miamba hii tunayoiona kila siku juu ya vilima vyetu, ambayo ni miongoni mwa miamba ya kale mno ya Afrika, yenye umri unaozidi miaka milioni 2,500. Huko Mpwapwa, katika miaka ya 1930, R. R. Staples alitenga vipande vya ardhi ya mteremko. Kimoja alikiacha na kichaka chake, kingine na nyasi, kingine alikilima, na kingine alikiacha kitupu; kisha akapima maji yaliyotiririka na udongo uliochukuliwa kila mvua iliponyesha. Ardhi iliyofunikwa ilipoteza udongo kidogo sana, na ile iliyo tupu ikapoteza mwingi mno. Vipimo hivyo ni miongoni mwa vya kwanza vya namna yake katika Afrika nzima.

Hapana shaka kwamba mkoloni alikuwa na nia yake. Alitafuta madini ya kuchimba na ng'ombe wa kuuza, na mara nyingi aliwatazama wenyeji kama watu wa kufundishwa tu, wala si watu wa kuulizwa. Lakini takwimu iliyopatikana kwa uaminifu haina bendera. Vipimo vya Mpwapwa vimeendelea kutumiwa na wataalamu wa nchi huru.

Hasara ya kupuuza utafiti ilionekana Kongwa. Mwaka 1946, Uingereza ikiwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula baada ya vita, ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyekuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika, ulizunguka Afrika ya Mashariki kwa majuma tisa, kisha ukapendekeza zilimwe karanga katika ekari zaidi ya milioni tatu za Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Matrekta yaliletwa kwa meli, lakini mvua haikutosha, na udongo ule wa mfinyanzi ulipokauka ukawa mgumu kama sakafu, hata karanga zikakataa kung'olewa. Mwaka 1951 mpango ule uliachwa, na pauni zipatazo milioni 36 zilikuwa zimepotea. Majuma tisa yasingeweza kuonyesha mwenendo wa mvua wa miaka mingi. Na jirani ya mashamba yale walikuwapo watu waliokuwa wakipanda mtama na uwele, mazao yavumiliayo ukame, kwa sababu walizozijua vizuri. Mashamba yao yalikuwa jawabu, lakini hapakuwa na aliyeuliza swali.

Miaka michache baada ya hapo, Mwafrika mwenyeji aliuliza maswali ya namna nyingine. Mathias Mnyampala, aliyezaliwa mwaka 1917 katika sehemu za Ihumwa, mashariki ya mji wa Dodoma, alikuwa mtumishi wa serikali na mshairi. Wengi wanamkumbuka kwa ngonjera zake, lakini mwaka 1954 alitoa kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo. Hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Alikuwa na sikio, subira, na lugha mbili alizozijua kwa ndani. Mwaka 1969, mwaka aliofariki Mnyampala, Peter Rigby alitoa kitabu chake juu ya ng'ombe na ujamaa wa ukoo miongoni mwa Wagogo. Alieleza kwamba ng'ombe kwao si nyama na maziwa tu. Kwa ng'ombe watu huoa, huunga udugu na kusaidiana wakati wa dhiki. Msomaji alishike jambo hili, kwani tutalirudia.

Huko Kondoa, utafiti ulikuwa wa macho na mkono. Mwaka 1951 Louis na Mary Leakey walinakili michoro ya mapangoni katika sehemu za Kolo na jirani zake: wanyama, na watu warefu wembamba, wengi wao wamechorwa kwa rangi nyekundu. Mtanzania Fidelis Masao alichapisha mwaka 1979 utafiti wake juu ya michoro hiyo na watu wa Zama za Mawe wa Tanzania ya kati. Mwaka 2006 UNESCO iliitia katika orodha ya urithi wa dunia sehemu hiyo yenye mapango yaliyochorwa zaidi ya 150. Lakini mapango mengine si mambo ya kale tu. Wenyeji wameendelea kuyaendea kwa matambiko. Mtaalamu wa mambo ya kale anaweza kuchunguza rangi na tabaka za udongo. Kujua kwa nini mzee wa leo hupeleka sadaka pale ni kazi inayohitaji masikio zaidi kuliko jembe.

Baada ya Uhuru, vijana wa nchi yetu waliingia katika kazi hizi wakiwa wataalamu. Mwaka 1972 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wataalamu wa Sweden walitoa matokeo ya utafiti wa mmomonyoko wa udongo, ukiwamo ule uliofanywa katika mabonde na mabwawa ya Dodoma kama Ikowa, Matumbulu, Msalatu na Imagi. Mwaka 1973, ambao pia ni mwaka wa uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya serikali Dodoma, ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO. Mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo la Kondoa lililoharibika, lenye ukubwa wa kilomita za mraba 1,256.

Hapa njia mbili za utafiti zilipishana. Kwa mtaalamu wa udongo, uamuzi ule ulizaa matunda: nyasi na vichaka vilirudi, makorongo yakaanza kutulia. Lakini kwa familia zilizotoa mifugo yao, maziwa na samadi viliondoka, na pamoja navyo ule uhusiano ambao Rigby alikwisha kuueleza miaka kumi kabla. Baadaye, tangu mwaka 1989, palianzishwa ufugaji wa ng'ombe wachache wa ndani wanaoletewa majani. Hatusemi kwamba ardhi ingeachwa ife. Tunasema kwamba kitabu cha ng'ombe na ukoo kilistahili kuwa juu ya meza ile ile yenye ramani ya makorongo.

Mfano wa njia kukutana vyema ulitokea Kongwa ile ile. Tangu miaka ya 1980, madaktari wa Tanzania na wa Marekani walifanya kazi huko juu ya ugonjwa wa vikope, yaani trakoma, upofushao macho. Ilijulikana kwamba watoto wenye nyuso chafu hupatwa zaidi. Basi kwa nini hawaoshwi? Hadubini haikuweza kujibu. Watafiti wa jamii waliingia majumbani wakauliza nani huamua juu ya maji na kazi za nyumbani, na wakakuta kwamba watu walidhani kuosha uso kunahitaji maji mengi, ilhali maji yenyewe hutekwa mbali. Ilionyeshwa hadharani kwamba maji machache huosha nyuso nyingi. Matokeo ya jaribio lililofanywa vijijini yalichapishwa mwaka 1995: pale ambapo dawa iliunganishwa na mafunzo ya kunawisha watoto, vikope vikali vilipungua. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mfano mwingine uko Makutupora, kaskazini yetu, ambako ndiko mji wa Dodoma umekuwa ukipata sehemu kubwa ya maji yake kutoka visimani. Huko, tangu miaka ya 1950, watumishi wa maji walikuwa wakipima kina cha maji chini ya ardhi na kuandika. Kazi yao haikuwa na sifa wala tuzo. Mwaka 2013 wataalamu wa Tanzania na Uingereza walizikusanya kumbukumbu hizo za miaka 55 na kugundua kwamba maji ya chini hayajazwi kidogo kidogo kila mwaka, bali hujazwa hasa katika misimu michache ya mvua kubwa isiyo ya kawaida. Mji unaokua hauna budi kulijua jambo hilo kabla ya kuchota. Na lisingejulikana kama karani mmoja tu angaliona uvivu kwenda kisimani miezi michache.

Leo Dodoma ina Chuo Kikuu kilichoanzishwa mwaka 2007, na hapa Miyuji kipo Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1980. Mji umepewa hadhi ya jiji mwaka 2018, na mashamba mengi yamegeuka viwanja. Hata hivyo katika shule zetu bado husikika maneno kwamba mwanafunzi hodari huenda sayansi na aliyeshindwa huenda sanaa. Historia tuliyoieleza yakanusha maneno hayo. Karanga za Kongwa zilikufa kwa kukosa elimu ya udongo na mvua, na pia kwa kukosa mtu wa kuwasikiliza wakulima. Macho ya watoto wa Kongwa yalisaidiwa na dawa, na pia na mtu aliyeuliza maswali kwa adabu nyumbani mwa watu.

Kwa hiyo tunawaomba walimu walijaribu jambo moja katika shule zao. Kundi moja la wanafunzi litege kopo na kupima mvua msimu mzima. La pili liwaendee wazee na kuandika majina ya njaa, na sababu ya kila jina. La tatu lichore korongo lililo karibu na kulipima tena mwaka ufuatao. La nne likusanye maneno ya Kigogo, au ya lugha yoyote ya mahali hapo, yanayotaja aina za udongo na matumizi ya kila aina. Kisha makundi yote yaketi katika chumba kimoja na kusomeana. Kazi ya kundi la kwanza na la tatu inaweza kuanza mwaka wowote. Ya kundi la pili na la nne haiwezi kungoja, kwa maana wenye majibu ni wazee.