Upinde wa Mwaata na Upinde wa Mkamba

Vitabu vya historia nilivyofundishia kwa miaka mingi vina kawaida moja inayoniudhi. Vikifika kwenye silaha za wenyeji huandika "pinde na mishale" kisha hupita, kana kwamba upinde ni upinde tu, popote ulipo. Wazee wa kwetu Ganze hawangekubali. Waulize upinde bora ulikuwa wa nani, Mwaata au Mkamba, na jioni yote itaishia hapo. Mimi ni Mgiriama, sina upinde wa kutetea katika kesi hiyo. Ila sumu iliyopakwa mishale ya Waata mara nyingi ilipikwa kwetu, kwa hiyo nina haki ya kutia neno.

Waata walikuwa wawindaji wa nyika iliyo kati ya mto Tana na Tsavo, pande zote mbili za mto ule ambao bara unaitwa Galana na ukikaribia bahari unaitwa Sabaki. Lugha yao ni ya jamii ya Kioromo. Majirani na wakoloni waliwapachika majina mengine, Waliangulu, Wasanye, na kwenye kumbukumbu za serikali utawakuta kwa majina hayo zaidi kuliko kwa lao. Kazi yao ilikuwa ndovu. Nyama ililiwa, na pembe zilishuka Malindi na Mombasa. Zamani Waoromo walipokuwa na nguvu nyikani, Mwaata aliyeangusha ndovu alimpa mkuu wake wa Kioromo pembe moja, akabaki na ya pili.

Upinde wao ulikuwa karibu urefu wa mtu, na mzito wa kuvuta kuliko ambavyo mgeni angedhani. Waliopima walikuta kwamba kuuvuta mpaka mwisho kulihitaji nguvu ya zaidi ya ratili 100, yaani kilo 45 na zaidi. Ndiyo maana Wazungu waliouona walikumbuka mara moja pinde ndefu za Waingereza wa kale. Meli ya kivita Mary Rose ilizama mwaka 1545 karibu na Portsmouth, na wapiga mbizi wa miaka ya 1979 hadi 1982 walitoa humo pinde zaidi ya 130. Zilipochunguzwa, nyingi zilionekana kuwa za ratili 100 kwenda juu. Wale walikuwa askari wa mfalme waliofunzwa tangu utotoni kwa amri ya sheria. Waata hawakuwa na mfalme wala sheria ya namna hiyo. Walikuwa na ndovu.

Upande wa Chakama, mzee mmoja wa Kiaata aliwahi kunitolea upinde wa marehemu baba yake uliokuwa umefungwa juu kwenye pau za nyumba. Mti ulikuwa umekuwa mweusi kwa moshi na mafuta. Upote, ule uzi wa upinde, haukuwapo tena. Zamani, akasema, ulisokotwa kwa kano za twiga. Alikuwa ameweka kamba nyingine ya kuonyeshea. "Vuta, mwalimu," akaniambia, na wajukuu wake wakasogea kutazama. Mikono ilianza kunitetemeka kabla kamba haijafika kifuani. Mzee akauchukua, na ingawa meno yalikuwa yamekwisha kinywani, akaufikisha mbali kuliko mimi. Hakuvuta kwa mkono peke yake. Aliinama kidogo, akaingiza bega na mgongo wote ndani ya upinde.

Uzito huo ulikuwa na sababu. Ngozi ya ndovu, mahali ilipo nene, hufika sentimita mbili na nusu, na chini yake kuna misuli. Mshale ukiishia kwenye ngozi, mwindaji amepoteza mshale na amejitafutia kifo. Mwaata alinyemelea upepo ukimvumia usoni, ili harufu yake isimfikie ndovu, akasogea mpaka hatua chache, wengine husema kumi, wengine ishirini, akapiga nyuma ya mbavu, tumboni, ambako hakuna mfupa wa kuzuia na damu ni nyingi. Mshale mrefu na mzito, ukisukumwa na upinde mzito kwa umbali mfupi, ulizama ndani. Kwa umbali huo mtu hapati nafasi ya kupiga mara tatu. Nguvu zote ziliwekwa kwenye mshale wa kwanza.

Mkamba alikuwa na maisha mengine. Katikati ya karne ya 19 misafara ya Kikamba ndiyo iliyoshikilia biashara ya pembe kati ya bara na Mombasa. Kivui wa Mwenda, tajiri wa Kitui aliyempokea mmisionari Krapf mwaka 1849, alikuwa mkubwa wa biashara hiyo. Alikufa mwaka 1851, msafara wake ulipovamiwa njiani karibu na mto Tana, naye Krapf akiwamo. Mtu wa safari ya namna hiyo anahitaji silaha anayoweza kutembea nayo siku nzima, inayopitika vichakani, ya kupiga swala wa kitoweo asubuhi na kujibu wavamizi jioni. Upinde wa Mkamba ulikuwa mfupi na mwepesi kuliko wa Mwaata, na mtu hodari aliachia mishale kadhaa kabla Mwaata hajamaliza wa pili. Kwa ndovu ulimlazimu mpigaji ategemee sumu zaidi, kwa kuwa mshale wake haukufika kina kile kile. Wakamba waliijua vizuri hesabu hiyo. Walikuwa na wapishi wao wa sumu, na walipenda kumvizia mnyama kwenye maji, anapokuja mwenyewe.

Mpwa wangu wa Mombasa hucheza karata za kupambana, zile ambazo kila mtu hujipangia fungu lake na mhusika wake, na mhusika wake yeye ni mpiga mishale. Likizo moja alinitandazia meza nzima. "Mjomba, upinde huu unapiga kwa nguvu, huu mwingine unakuruhusu kupachika mshale upesi. Nichukue upi?" Nikamwuliza ameweka mishale gani kwenye fungu lake. Akacheka, akasema wanaomshinda nao humwuliza hilo hilo. Sikushangaa. Wawindaji wa nyika walikuwa wameshayafikiria hayo kwa vizazi vingi, na hesabu yao ilianza kwenye mshale.

Mshale wenyewe ulikuwa kifaa cha vipande. Kulikuwa na mti mrefu wenye manyoya ya tai nyuma, kisha mbele kijiti kifupi kilichobeba chembe ya chuma, mara nyingi iliyofuliwa kutokana na msumari. Kijiti hicho kilichomekwa tu. Ndovu akikimbia, ule mti mrefu ulichomoka ukaanguka, chembe ikabaki ndani na sumu yake, na mwenyewe akauokota mti wake akautumia tena. Sumu haikupakwa kwenye ncha. Ilipakwa nyuma ya ncha, unene wa kidole, kisha ikazungushiwa ukanda mwembamba wa ngozi usioondolewa mpaka mnyama yuko karibu, maana jua na hewa huikausha, na sumu kavu ni kama hakuna. Mwindaji mwenye upinde mzito na sumu ya mwaka jana alikuwa na mzigo tu.

Mti wa sumu ni msunguti. Una maua meupe yenye wekundu kidogo na harufu nzuri sana, na matunda yake yakiiva huwa ya rangi ya zambarau. Sisi watoto tulikatazwa hata kukaa kivulini mwake. Mpishi alikata matawi na mizizi vipande vidogo, akavichemsha saa nyingi, akachuja maji, akayarudisha motoni mpaka yakabaki kitu cheusi kizito mfano wa lami. Wapishi hawa walikuwa wachache na walijulikana. Kila mmoja alikuwa na vitu vyake vya siri vya kuongeza chunguni, na sidhani viliongeza kitu zaidi ya bei.

Mteja hakununua kwa kuamini. Njia ya kupima iliyosimuliwa zaidi ni hii: mtu alijichanja kidogo juu ya mkono, akaacha damu ichirizike mpaka karibu na kiganja, kisha akagusisha sumu kule chini, mwisho wa mchirizi. Sumu nzuri iligeuza damu nyeusi ikipanda juu kuelekea kwenye jeraha. Kazi ya mtu huyo ilikuwa kuifuta kabla haijafika. Nimewauliza wazee wengi kama waliwahi kumwona aliyechelewa, na kila mmoja alimjua mtu aliyemjua mtu.

Kiini cha sumu hiyo kilitengwa Ufaransa mwaka 1888 na Léon-Albert Arnaud, kutokana na mti wa jamii hiyo uliotumiwa na Wasomali, kikaitwa wabaini. Hushika moyo: huufanya upige vibaya, kisha usimame. Ikiingia kwenye damu haina msamaha, lakini tumboni hupenya kidogo mno, ndiyo maana Waata walikata nyama iliyozunguka jeraha wakaitupa, na iliyobaki wakala bila wasiwasi. Madaktari wa Ulaya nao waliwapa wagonjwa wa moyo sumu hiyo kwa vipimo vidogo. Sumu nyingine ya mishale, ya kombe kutoka bonde la Zambezi, ilijulikana kwao baada ya John Kirk, yule aliyekuja kuwa balozi wa Uingereza Unguja, kuuweka mswaki wake mfuko mmoja na sumu hiyo. Alipopiga mswaki aliona ladha chungu na mapigo ya moyo yakashuka. Na mwaka 2011 watafiti walithibitisha kwamba yuko panya mkubwa wa Afrika Mashariki, mwenye manyoya marefu ya mistari, anayetafuna gome la msunguti na kujipaka mate yake ubavuni, ili mbwa anayemuuma ajute. Kwa hiyo hata sisi Wagiriama hatukuwa wa kwanza.

Sumu ya msunguti haikutusaidia mwaka 1914, tulipopambana na Waingereza. Mekatilili wa Menza, kiongozi wetu, alikuwa amewaapisha watu mwaka mmoja nyuma wasitoe vijana wa kazi za Waingereza, akakamatwa na kupelekwa mbali na kwao. Agosti 1914 serikali ikalipua Kaya Fungo, mahali petu patakatifu. Mapigano yalipoanza, askari wa KAR, jeshi la wakoloni, walikuja na bunduki zilizomfikia mtu akiwa ng'ambo ya shamba. Silaha yetu ilitengenezwa kwa mpigaji aliye hatua ishirini, aliyejificha, mbele ya mnyama ambaye hajamwona. Nyumba zilichomwa, mbuzi wakachukuliwa, tukatozwa faini ya rupia 100,000. Huwa nasikia watu wakisema wazee wetu walikosa ujasiri siku zile. Wanaosema hivyo hawajawahi kukimbia uwanda mtupu na upinde mkononi.

Kwa Waata, pigo lilikuja baadaye na kwa njia ya karatasi. Mwaka 1948 nyika yao kubwa ikatangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Tsavo. Mtu aliyelala mwindaji akaamka jangili. Katika miaka ya 1956 na 1957 maofisa wa hifadhi David Sheldrick, Bill Woodley na wenzao waliendesha msako mkubwa, na kilichowasaidia kilikuwa sehemu ya silaha yenyewe. Kila mwindaji alichora alama yake kwenye mishale ili ndovu akipatikana amekufa ijulikane pembe ni za nani. Alama hiyo iliyozuia ugomvi kati ya jamaa ikawa ushahidi mahakamani. Waliokamatwa waliulizwa alama hii ya nani, na Waata, ambao hawakuona sababu ya kudanganya kuhusu jambo la kujivunia, walijibu. Galogalo Kafonde, mwindaji mwenye sifa kuliko wote, alisakwa kwa muda mrefu. Wengi walifungwa.

Baadaye kidogo baadhi ya maofisa waliona wamewafunga watu walioijua nyika kuliko wao. Mwaka 1960 ulianzishwa mpango wa Galana, mashariki ya hifadhi, chini ya Ian Parker, ili Waata wawinde ndovu kwa kibali na faida iwarudie. Wazo halikuwa baya. Lakini ndovu wa mpango waliuawa kwa bunduki, na pinde zikabaki nyumbani. Waata waliajiriwa kwa macho na miguu yao: kufuata nyayo, kuchuna, kubeba. Katikati ya miaka ya 1960 mpango ukafa, ardhi ikawa ranchi ya ng'ombe. Ujuzi wa kuvuta ratili 100 haudumu kwa mtu asiyevuta kila wiki, na vijana hawakuwa na sababu ya kuuanza.

Uwindaji wote ukapigwa marufuku Kenya mwaka 1977. Miaka ile ile magenge yenye bunduki za rashasha yalikuwa yakiingia Tsavo, na ilipofika mwaka 1988 ndovu waliobaki katika eneo hilo walihesabiwa kuwa maelfu machache tu, kutoka makumi ya maelfu ya miaka ya 1960. Mwenye rashasha hakuhitaji kujua upepo, wala mbavu, wala mpishi wa sumu.

Kisha doria zikaongezeka, na mlio wa bunduki ukawa hatari kwa mwenye bunduki, kwa sababu askari wanausikia kilomita kadhaa. Mwishoni mwa Mei 2014 Satao, mmoja wa ndovu wa mwisho wenye pembe zilizokaribia kugusa ardhi, aliuawa Tsavo Mashariki kwa mshale wa sumu. Uso wake ulikatwakatwa vibaya hivi kwamba ilichukua siku kadhaa kuthibitisha ni yeye. Habari ilipotangazwa redioni, mtangazaji alishangaa kwamba majangili wa leo wanatumia "silaha duni ya zamani". Walioichagua walijua walichokuwa wakifanya. Mshale haulii.