Mawimbi ya mwamba wa Paje

Mawimbi ya mwamba wa Paje ni mawimbi ya Bahari ya Hindi yanayovunjikia kwenye mwamba wa matumbawe ulio mbele ya ufuo wa Paje, kusini-mashariki mwa kisiwa cha Unguja, Zanzibar. Kati ya mwamba na ufuo kuna eneo pana la maji ya kina kifupi lenye mchanga, linalotumiwa na wachezaji wa ubao unaovutwa na tiara. Hapo pia ndipo kilimo cha mwani cha kibiashara cha Zanzibar kilipoanza mwaka 1989, pamoja na kijiji jirani cha Jambiani.

Wimbi linalotoka kina kirefu hupunguza mwendo likifika mwambani, huinuka, kisha huvunjika. Umbo lake hutegemea maji kujaa na kupwa, yanayobadilika mara mbili kwa siku. Wakati wa bamvua, tofauti kati ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Maji yakipwa, matumbawe hubaki karibu na uso wa bahari na kuanguka kutoka kwenye ubao huwa hatari. Yakijaa, mawimbi hupita juu ya mwamba.

Upepo wa kusi huvuma hasa Juni hadi Septemba, na wa kaskazi Desemba hadi Machi. Wakati wa tanga mbili, yaani kati ya misimu hiyo, upepo hulegea na uso wa bahari hutulia.

Mchezaji wa mawimbi anapaswa kujua majira ya maji, kuvaa viatu, kujihadhari na mkondo wa maji kwenye milango (mapengo) ya mwamba, kutokanyaga matumbawe hai na kuyaheshimu mashamba ya mwani, ambayo ni riziki ya wanawake wengi.