Linux ikikwama kwenye flopi: shuku diski kwanza

Kompyuta nyingi za miaka ya 1990 haziwezi kuwaka kwa CD. Ndiyo maana Slackware, aina ya Linux iliyotoka mwaka 1993, iliwekwa kwa rundo la flopi. Mwenye mashine ya umri huo bado hupita njia hiyohiyo, na wengi huitupa mashine wakati kosa ni la flopi.

Flopi ya inchi 3.5 ina vipande 2,880 vya data. Kimoja kikiharibika kwa joto, vumbi au sumaku, kazi yote husimama. Tufuate hatua hizi:

1. Hamisha kwanza nyaraka zako. Kugawa diski kuu upya kunaweza kuzifuta.

2. Kompyuta haiwaki kwa flopi? Faili lake halinakiliwi kama picha au wimbo. Huandikwa kipande kwa kipande kwa programu ya dd au RAWRITE.

3. Inasema imeshindwa kusoma? Andika faili upya kwenye flopi nyingine. Ikigoma palepale, pakua faili upya. Flopi zote zikigoma, ilhali kompyuta nyingine inazisoma, safisha au badilisha kisoma flopi.

4. Umemaliza, kisha kioo kinaonyesha "LI" tu? Mara nyingi Linux imekaa mbali mno kwenye diski kuu, mahali mashine ya zamani haifiki. Washa kwa flopi, tenga sehemu ndogo ya /boot mwanzoni mwa diski, kisha endesha lilo tena.

Ukizimaliza zote nne bila mafanikio, hapo ndipo tuishuku kompyuta yenyewe.