Omuceere: Neno la Pwani Linalokusubiri Kampala

Haya wadau, leo tunakwenda Kampala kwa kupitia Kibiti. Usishangae, twende taratibu utanielewa.

Tuseme wewe ni mtoto wa Kibiti, Ikwiriri, au kule ndani kwenye delta ya Rufiji, Nyamisati. Umepata mchongo Uganda. Siku ya kwanza umeingia kwa mama ntilie wa kule, njaa inauma, naye anakutajia vyakula: matooke, lumonde, muwogo, omuceere. Mawili ya mwanzo yanakupita. Muwogo unaushtukia, ni muhogo. Omuceere je? Mchele huo!

Sasa angalia. Mtu wa Rufiji ana majina matatu: shambani mpunga, ukikobolewa mchele, ukiiva wali. Kwa Waganda hata ukiwa sahanini bado ni omuceere. Ni kama neno lilifika kwao likiwa limeshakobolewa!

Lilifikaje? Mwaka unaotajwa sana ni 1844, enzi za Kabaka Suna II, mfanyabiashara wa Kiarabu Ahmed bin Ibrahim alipofika Buganda. Misafara ilitoka pwani, ikapita Tabora na Karagwe, ikiwa na nguo, shanga na bunduki. Ikarudi na pembe za ndovu na, tuseme ukweli, watu waliouzwa. Wengi waliobeba mizigo na kupiga soga njiani ni watu wa huku kwetu ambao majina yao hayakuandikwa popote. Ila walichoacha kipo mdomoni kwa Waganda hadi leo: emmeeza ni meza, sabbuuni ni sabuni, ekitabo ni kitabu, eddirisa ni dirisha. Hata saa wanahesabu kama sisi. Ssaawa bbiri asubuhi ni saa mbili yetu ile ile.

Kuna kijana mmoja wa kumkumbuka. Alikuwa mtumwa, akakombolewa, akasomeshwa na wamisionari Zanzibar. Mwaka 1875 alifika Buganda na msafara wa mpelelezi Stanley. Stanley akaondoka, kijana akabaki. Kabaka Mutesa I alikuwa anakijua Kiswahili na Kiarabu, kwa hiyo kijana akapata kazi barazani: kumsomea mfalme mafundisho ya Biblia yaliyotafsiriwa kwa Kiswahili na kumwandikia barua. Fikiria hiyo. Jana bidhaa sokoni, leo karani wa mfalme ugenini, na mtaji wake ni lugha.

Lakini Kiswahili kile kilifanya kazi ndani ya lubiri, yaani kwenye makazi ya Kabaka. Ukitoka nje ya uzio ukakutana na mama anayemenya ndizi, hakikusaidii sana. Wamisionari waliofika 1877 walianza na vitabu vya Kiswahili, baadaye wakahamia Kiganda, kwa sababu walitaka kuwafikia watu wa kawaida. Cha kuchekesha ni kwamba waliojifunza dini waliitwa abasomi, na neno lenyewe limetokana na kusoma kwetu.

Hapo ndipo penye somo kwako wewe wa leo. Usiende Kampala ukitegemea Kiswahili kikubebe kila mahali. Kule lugha yetu ina historia nzito. Ilikuja na wafanyabiashara wa watumwa, ikakaa kambini kwa wanajeshi na polisi. Mwaka 1973 Idi Amin akaitangaza kuwa lugha ya taifa, na askari wake wakaitumia kutoa amri. Tarehe 11 Aprili 1979 jeshi letu likaiteka Kampala, nalo likiongea Kiswahili. Kwa mzee aliyepitia yote hayo, Kiswahili kinaweza kumkumbusha mtu mwenye bunduki getini. Ndiyo maana, ingawa mwaka 2022 serikali ya Uganda iliamua kifundishwe shuleni, usikasirike mtu akikujibu kwa Kiganda.

Kwa hiyo jifunze, si kazi kubwa hivyo. Maji ni amazzi, nyama ni ennyama, mbuzi ni embuzi. Twende ni tugende. Polepole ni mpola mpola. Bei unauliza: ssente mmeka?

Kitu cha kwanza kabisa ni salamu. Mtoto wa Rufiji hawezi kumpita mtu mzima bila shikamoo, na Mganda hakuanzii na shida kabla ya kukusalimu. Asubuhi sema "Wasuze otya, nnyabo?" kwa mama, "ssebo" kwa baba. Maana yake umelalaje. Jioni ni "Osiibye otya?", umeshindaje. Ukimkuta mtu kazini mwambie "Gyebale ko", kama pole na kazi. Ukipewa kitu, "Weebale nnyo".

Wale waliotutangulia walikwenda na nguo na bunduki, wakaacha maneno. Wewe unakwenda na begi na simu tu. Ukimwambia yule mama "Wasuze otya, nnyabo" kabla hujaagiza omuceere wako, atajua umekuja kama mgeni mwenye adabu, hujaja kumwamrisha.

Kale, safari njema.